Moshi Uliohamia kwa Mama

Dada mmoja, dereva wa mjini, alilipenda basi lake la umeme tangu siku alipokabidhiwa. Halikunguruma wala kutoa moshi, na abiria walimtania kwamba anaendesha kitanda. Jumapili akaenda kumsimulia mama yake, aliyeishi nje ya mji, jirani na mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe. Alimkuta uani akikung'uta shuka alizofua asubuhi. Zilikuwa zimejaa masizi.

“Siku hizi mtambo haupumziki, mwanangu,” mama alisema huku akikohoa. “Nasikia mabasi mapya yanakula umeme mwingi.”

Binti akazimeza habari zake zote. Akamsihi ahamie kwake mjini, ambako hewa ilikuwa imeanza kuwa safi.

“Baba yako nimemzika hapa. Nimwachie nani?”

Wakazifua shuka upya, wakazianika chumbani.

Kesho yake, zamu ilipokwisha, dereva aliegesha basi akashika waya wa kuchajia. Alisimama nao mkononi mpaka mwenzake akamuuliza, “Unaumwa?”

“Siumwi. Mama ndiye anayekohoa,” akajibu.

Kisha akauchomeka, maana alfajiri abiria wangemngoja.