Mimi kwa Herufi Ndogo

Bwana Pettibone, msahihishaji wa gazeti, alikuwa amerudia tena. Kila "mimi" katika shairi la Tabitha Crowell ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni kaandika kwa mkazo: KUBWA.

"Ee Mungu nipe subira," Tabitha alisema, akaibwaga nakala ya majaribio mezani.

Tabitha alikuwa mpanga herufi katika gazeti moja la Brooklyn. Kutwa alisimama mbele ya kasha la herufi akiokota herufi za madini ya risasi moja moja, akizipanga ziwe maneno ya watu wengine: hotuba za maseneta, matangazo ya sabuni, habari za misiba. Safari hii maneno yalikuwa yake. Mhariri, Bwana Thornbury, alikuwa amekubali shairi lake litoke Sikukuu ya Uhuru, tena ukurasa wa mbele. Naye alitaka litoke vile vile alivyoliandika, la sivyo lisitoke kabisa.

Shairi lenyewe lilihusu pampu ya maji ya mtaani kwao, na kikombe cha bati kilichofungwa hapo kwa mnyororo. Wakili anakunywa, mfua nguo anakunywa, mtu mweusi aliyetoroka utumwani anakunywa, na kikombe ni kile kile. Na mimi ninayekunywa baada yako, aliandika Tabitha, nimekunywa pumzi yako.

Sasa, Kiingereza nacho kina majivuno yake. "Mimi" kwao ni herufi moja tu, I, na hiyo moja lazima iandikwe kubwa hata ikiwa katikati ya sentensi. Mimi na Mungu tumesimama wima; wewe, yeye na wale mmechuchumaa. Tabitha akaona huo ni unafiki mtupu. Utahubirije usawa huku umejitundika juu ya mwenzako? Basi mimi yake akaipanga ndogo, shairi zima.

"Bwana Pettibone, nilishakwambia si kosa!"

Mzee msahihishaji hakuinua hata macho. "Mimi ndogo si kosa? Wasomaji watadhani tumelewa."

"Nimefanya makusudi. Mbele za Mungu hakuna mkubwa."

"Mbele za Mungu, sawa. Mbele yangu kuna sarufi, Bi Crowell."

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Tabi, mpe mzee mimi yake akalale nayo!" mmoja akapiga kelele kutoka kwenye mtambo wa kuchapia.

Hasira zikampanda Tabitha mpaka masikio yakamwaka moto. Akazing'oa herufi kubwa alizopachikiwa, akarudisha ndogo. Pettibone akazungushia tena wino. Tabitha akang'oa tena. Jamani, yule mzee alikuwa na kichwa kigumu! Ilipofika mkesha wa sikukuu, Tabitha akavua aproni, akaenda moja kwa moja kwa mhariri na nakala mkononi.

"Likitoka na mimi kubwa, bwana, lisitoke. Nalitupa motoni."

Thornbury akamtazama, akacheka. "Basi, basi! Iwe ndogo. Nchi huru hii, kila mtu na wazimu wake."

Tabitha alirudi nyumbani akiimba njia nzima. Hatimaye.

Asubuhi ya sikukuu kengele zilikuwa zinalia na mizinga inapigwa bandarini. Alipitia ofisini kuchukua nakala yake. Alimkuta Mchungaji Alden wa kanisa la mtaani amesimama na mhariri, gazeti mkononi, machozi yanamlengalenga. Pettibone alikuwa kwenye meza yake, anasahihisha la kesho.

Tabitha akafungua ukurasa wa mbele. Mimi zote zilikuwa ndogo. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akashuka hadi chini, mahali alipokuwa amepanga jina lake kwa mikono yake mwenyewe. Halikuwepo. Pameandikwa: Limetungwa na Bibi Mmoja.

"Bwana Thornbury," alisema taratibu, "jina langu liko wapi?"

Mhariri akamvuta kando, akanong'ona. "Ndiyo desturi, Bi Crowell. Jina la mwanamke wa heshima halitangazwi gazetini kama sabuni. Halafu, si ni wewe uliyetaka kuwa mdogo? Nilidhani utafurahi."

Wiki nzima Tabitha kapigana ajishushe, kumbe hapakuwa na mtu aliyewahi kumpandisha.

"Lazima nimpate bibi huyu," mchungaji alikuwa anasema huku nyuma. "Aje alisome mwenyewe kanisani. Ni wa kule kwenye nyumba za matajiri kilimani, bila shaka?"

Thornbury akaitupia jicho mikono ya Tabitha, myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko. "Ndiyo, mchungaji," akasema. "Ni bibi wa familia nzuri. Mwenye haya sana."

"Mimi!"

Hata yeye Tabitha alishtushwa na sauti yake. Mchungaji akageuka.

"Mimi ndiye niliyeliandika! Mimi, Tabitha Crowell, mpanga herufi! Maji ya pampu ile nakunywa mimi, na kikombe kile nakishika mimi, kwa mikono hii hii!"

Nje mzinga ukalia. Bwana Pettibone akachovya kalamu yake kwenye wino mwekundu, akaiacha hewani. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Na mimi hiyo, Bi Crowell," aliuliza, "niiandike ndogo?"

Tabitha alimtazama.

"Kubwa," alisema, na machozi ya hasira yakamtoka.