Sukari ya Lujain

Tangu Lujain agundulike kuwa na kisukari, akiwa bado mtoto wa darasa la pili, mama yake Intisar hakuwahi kulala usingizi wa kushiba. Kidude kilichobandikwa mkononi mwa binti kilituma namba za sukari kwenye simu ya mama, na mama alizichungulia jikoni, harusini, hata msalani. Sasa binti alikuwa anakwenda kusoma Ujerumani, na nusu ya uwanja wa ndege wa Amman walimsikia Intisar akimpa wasia.

"Usikubali kupitishwa kwenye ile mashine yao ya ukaguzi, itaharibu kidude. Waambie wakupekue kwa mikono. Na juisi iwe mfukoni, usiitie kwenye begi la juu."

"Mama, umeshasema."

"Nasema tena. Una neno?"

"Baba, mchukue mkeo!" Lujain akacheka, kisha akamkumbatia mama yake harakaharaka, kama anayeogopa kughairi.

Kupitia kioo walimwona akikunja mkono wa blauzi kumwonyesha askari wa kike kile kidude. Akapita. Hakugeuka.

Adnan, baba mtu, alitaka warudi nyumbani Karak. Mkewe akagoma kutoka kwenye maegesho. Alikaa garini, simu mapajani. Sukari ya binti ilikuwa inashuka, mshale umeelekea chini. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara namba zikapotea, vikabaki vistari vitupu.

"Ndege imeruka, Mama Lujain. Huko juu hakuna mtandao. Kula japo mkate."

"Nile nini mimi, na mtoto ananifia angani?"

Jua likahamia upande wa pili wa gari. Adnan akasinzia, akaamka, akaenda kuswali, akarudi. Intisar alikuwa palepale, midomo ikirudia dua ileile.

Alasiri simu ikaita.

"Nimefika, Mama. Mzima."

"Alhamdulillahi! Sukari je? Mbona sioni namba?"

Nyuma ya Lujain kipaza sauti kilitangaza kwa lugha asiyoijua Intisar.

"Nimekuondoa, Mama. Kabla sijapanda ndege."

"Umeniondoa wapi?"

"Kwenye kidude. Namba nazisoma mimi tu sasa."

"Nirudishe! Ilikuwa inashuka, nimeona kwa macho yangu!"

"Nikanywa juisi, ikapanda. Mama, ungeiona ukiwa huko Karak, ungenifanyia nini?"

Intisar akauliza kwa sauti ndogo: "Ukianguka, nani atajua?"

"Sijui, Mama. Foleni inasogea. Nitakupigia."

Adnan akawasha gari bila kuuliza. Njia nzima ya jangwani Intisar alihangaika na simu, akatuma ombi la kuunganishwa tena, akatuma jingine.

"Mwache mtoto apumue," Adnan alisema.

Intisar akatuma la tatu.

Ombi halikukubaliwa siku ile, wala wiki ile. Lujain alipiga simu kila Ijumaa, wakazungumza habari za baridi na chakula. Sukari, hakuna aliyeitaja.