Nyumba Iliyoachwa na Fundi

Babu yangu Lefiti alipotia tezo zake kikapuni akaenda zake, nyumba ya kina mama ilikuwa na nguzo zote ishirini, mtambaapanya umekwisha kufungwa juu yake, na makombamoyo, miti ya kubeba paa, ya upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mbingu. Hakumwambia mtu neno. Alipita kati ya watu waliokuwa bado wanakula, ameinama kidogo kama kila mtu anavyopita mbele ya waliokaa, akatoka.

Kwetu kisiwani Savaii fundi mkuu akiondoka hivyo hafuatwi kuulizwa. Wala hakuna fundi mwingine atakayegusa kazi yake, hata umwite kutoka upande wa pili wa kisiwa. Nyumba inabaki ilivyo mpaka aliyeianza arudi, au mpaka ioze.

Nyumba hiyo haikuweza kungoja. Ya zamani ilichukuliwa na kimbunga, na mabati yake tuliyakuta kwenye magimbi ya mchungaji. Tangu siku hiyo muuguzi akija kupima watoto alitundika mizani kwenye tawi la mshelisheli, na mvua ikinyesha alirudi na mizani yake bila kupima mtu. Mvua kubwa zilibakiza wiki sita.

"Ni zile bolti," alisema Mama Akenese, mwenyekiti wa kina mama, na kila mtu alikubali. Mhandisi Meripa, dada aliyetumwa kwetu kutoka mjini Apia na watu wa mradi uliolipia nyumba, alikuwa amebishana na babu wiki nzima. Yeye alitaka chuma kwenye kila kiungo. Babu alisema nyumba yake hufungwa kwa kamba, haijawahi kuonja msumari na haitauonja sasa.

Mimi nilijua si bolti. Mimi ndiye niliyebeba sahani.

Siku ile kina mama walichinja nguruwe kuwashukuru mafundi, na chakula kikaandaliwa nyumbani kwa Mama Akenese. Ni nyumba wazi ya nguzo, babu mwenyewe aliijenga zamani kabla sijazaliwa. Kila mtu ana nguzo yake ya kuegemea kwa cheo chake, na chakula hufuata nguzo. Nyama ya mgongo ilikuwa ya babu. Lakini babu alichelewa kwa kunoa tezo, na Meripa akaingia akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya fundi, akakaa pale, kichwa juu, anatazama paa. Alizaliwa hapa lakini alikulia Nyuzilandi. Maneno yetu aliyajua vizuri. Mahali pa kukaa hakupajua.

Babu akaingia, akamwona, akaenda kukaa nyuma karibu na watoto. Mama Akenese alikuwa jikoni, hakuona. Akanipa sahani ya mgongo, nikasimama nayo pale ukingoni. Ningeweza kurudi kumuuliza. Ningeweza kumnong'oneza mgeni asogee. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa ulimi wangu hugeuka jiwe, tangu darasani, mpaka nilipoacha shule darasa la tano kumuuguza bibi. Nikafuata nguzo. Nikaiweka sahani mbele ya Meripa. Akala, akasifu, akalamba vidole.

Siku kumi na moja nikakaa nalo moyoni. Babu alikaa kwenye mkeka wake akitazama bahari, hataki hata redio.

Jumatatu Meripa akawaita kina mama. "Ijumaa naandika taarifa," alisema. "Kama fundi hajarudi, mradi utavunja hii na kuleta nyumba ya mabati ya kuunga kwa bolti. Sipendi. Lakini sina njia."

"Mabati tena?" Mama Akenese akashika kiuno. "Basi mwambie mchungaji asipande magimbi mwaka huu, ayaachie nafasi!"

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jioni ile nilimkuta Meripa peke yake chini ya ile nyumba, anapima vipande vya mti vilivyobaki. Nilizunguka nguzo mara tatu kabla hajaniona.

"Fuatino? Unatafuta kitu?"

"Si bolti," nikasema.

"Nini si bolti?"

Nikamweleza sahani. Nilimweleza nikitazama miguu yangu, maneno yanatoka mawili mawili. Nilipomaliza alikuwa amekaa chini kwenye vumbi la tezo.

"Nimekula mgongo wa mzee," alisema. "Mbele ya watu wote."

"Ulikaa kwenye nguzo yake. Mimi nikafuata nguzo."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Wewe ni mgeni, dada. Mgeni haondolewi alipokaa."

Alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akaacha ghafla. "Sikiliza. Nitakwenda kumwomba radhi. Lakini hata akirudi bado tuna tatizo. Kimbunga hakilisukumi paa chini, kinalivuta juu. Kila kiungo pale juu lazima kishike uzito wa mapipa mawili ya maji, la sivyo paa linaondoka. Bolti najua inashika kiasi gani, imeandikwa kitabuni. Kamba ya babu yako haimo kitabuni. Nilimwomba tuipime, akaniambia kazi yake haitundikwi kama samaki sokoni."

Nilijua kwa nini alikataa. Hilo nalo nilikuwa nimelificha, na hilo halikuwa siri yangu peke yangu.

"Kamba si yake," nikasema. "Ni yangu."

Vidole vya babu viliacha kukunjika mwaka juzi. Kusuka kamba ya usumba wa nazi ni kazi ya wazee wa kiume, wanasuka wakiongea mambo ya kijiji, kila mmoja na fungu lake pajani. Babu alikwenda barazani akakaa na fungu lake, akijifanya anasuka. Nyumbani mimi, mjukuu wake wa kike, nilizika makumbi kwenye maji ya chumvi, nikayafukua, nikayaponda, nikachana nyuzi, nikasuka. Alinifundisha kwa mdomo. Kamba yote ya nyumba ile, mabunda na mabunda, ilipita mikononi mwangu. Kwenye kufunga alisimama chini akiwaamrisha vijana wake wa kazi, na watu walidhani ni ukubwa.

Meripa akainuka, akajikung'uta vumbi. "Basi tupime ya kwako," alisema.

Jumatano asubuhi tulilaza gogo juu ya magogo mawili yaliyosimamishwa nyuma ya kanisa. Chini ya gogo nikafunga kipande cha kombamoyo kwa kamba yangu, fundo lile lile la kule juu, na kwenye kombamoyo Meripa akaning'iniza mapipa mawili matupu. Kazi ya maji ilikuwa ya kina mama. Walipanga mstari kutoka bombani mpaka kwenye mapipa, ndoo kumi kila pipa, na walihesabu kwa sauti kama watoto wa shule.

"Tano!"

"Usimwage, Akenese, kila tone ni uzito!"

"Nikimwaga nitaingia mimi mwenyewe pipani. Mhandisi, mimi ni ndoo ngapi?"

"Mama, gogo letu dogo," akajibu Meripa, na mstari mzima ukainama kwa kucheka.

Ndoo ya kumi na tatu ilipoingia, gogo likalia. Kamba ikateleza upana wa kidole. Kicheko kikakatika. Meripa akapiga magoti, akapima kwa rula, akaandika. "Endeleeni polepole," alisema. "Ikiteleza tena nasimamisha." Kumi na nne. Kumi na tano. Ikateleza tena, kidogo tu, lakini wote tuliona.

"Basi," alisema Meripa. Aliweka kalamu. Hakunitazama.

"Nani amefunga takataka hiyo?"

Babu alikuwa amesimama kwenye kona ya kanisa. Sijui alikuwa pale tangu ndoo ya ngapi. Alikuja moja kwa moja, hakumsalimu mtu, akainamisha kichwa chini ya gogo.

"Nyundo iko wapi? Kila mizunguko mitatu unagonga kwa nyundo ya mti, kamba ilale, ndipo unaendelea. Nimekwambia mara ngapi? Hii umeizungusha tu kama unafunga mzigo wa kuni! Bila shaka inateleza. Inatafuta mahali pa kulala, wewe hukuipa!"

"Sikuwahi kuifunga mwenyewe, babu," nikasema. "Mimi nasuka tu."

Neno likatoka mbele ya kina mama wote. Mama Akenese akatua ndoo.

"Loo! Fuatino ndiye anayesuka?"

Babu akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimekakamaa kama magando ya kaa. Aliiacha hewani mpaka kila mtu akaona.

"Hii imekufa tangu mwaka juzi," alisema. "Huyu ndiye mikono yangu. Mnataka kucheka, chekeni sasa, nirudi nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Nikaona kwamba nisiposema pale pale sitasema tena. "Na sahani," nikasema. "Ile nyama ya mgongo. Ni mimi niliyeikosesha. Mgeni hakujua, na Mama Akenese hakuona."

Babu alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua tangu zamani. "Wewe ulifuata nguzo. Ungefuata nini? Mimi sikukukasirikia wewe."

Meripa alikuwa amekwisha kukaa chini, miguu ameikunja vizuri, kichwa ameinamisha. "Mzee wangu, nisamehe. Nilikaa mahali pako."

Maji yalidondoka kwenye pipa.

"Kulikuwa na nafasi nyumba nzima," alisema babu. "Kwa nini pale?"

"Nilikuwa naangalia fundo la juu ya ile nguzo. Nilitaka kujua mwisho wa kamba umeufichia wapi. Nikaona nikikaa chini yake nitauona."

Babu akakaa naye. Ilimchukua muda, magoti nayo yameanza. "Ukauona?"

"Sikuuona. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Nilikula nguruwe wako hata sijui ninachokula."

"Huwezi kuuona," alisema babu, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu. "Fundi wa kijiji cha pili ameutafuta miaka ishirini. Anakuja kwa Akenese, anajidai amekuja kunywa kakao, macho yako juu."

"Ndiyo maana anamaliza kakao yangu, mwizi yule!" Mama Akenese akafoka.

Wakaangua vicheko. Babu akangoja vikaisha, akamgeukia Meripa. "Bolti zako. Unazitaka kwa nini hasa?"

"Miguuni. Nguzo inapoingia kwenye zege, pale usumba utaoza kwa unyevu, mzee. Nataka mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Juu, kama kamba itashika mapipa mawili, sihitaji chuma."

Babu akakubali kwa kichwa. "Miguu iwe yako," alisema. "Kichwa changu. Mwageni maji hayo. Wewe, fungua hiyo, uanze upya."

Nilifungua. Kijana mmoja wa babu akaleta nyundo. Babu alikaa chini ya gogo, nami nikazungusha, mara tatu, nikagonga, mara tatu, nikagonga. Kina mama walikuwa wananizunguka wote, na masikio yangu yalikuwa ya moto, lakini mikono ilikuwa na kazi.

"Kaza."

"Nimekaza, babu."

"Umekaza kwa woga. Kaza kwa hasira. Fikiria yule mwalimu wako wa darasa la tano."

Nikakaza.

Ndoo zikaanza tena. Ya kumi na tatu ikapita, gogo halikulia. Ya kumi na tano. Ya ishirini iliingizwa na Mama Akenese mwenyewe, kwa vidole, kama anamnywesha mtoto dawa. Meripa alipima, akapima tena. Kamba haikusogea hata unene wa ukucha. Akaomba ndoo nne zaidi, tukazitundika zimejaa pembeni ya mapipa, maji yakamwagikia miguu yetu, bado. Ya tano aliisimamisha mwenyewe, akasema anaogopa magogo ya pembeni yatavunjika kabla ya kamba.

Aliandika tarakimu kwenye daftari, kisha akanigeuzia ukurasa. Kulikuwa na nafasi imeandikwa nani alifanya kazi iliyopimwa. Akanyoosha kalamu kwa babu. Babu akakunja mikono kwapani.

"Kamba si yangu," alisema. "Umesikia tayari."

Niliandika jina langu taratibu, herufi kubwa. Ijumaa taarifa ilikwenda Apia ikiwa nalo, na siku hiyo hiyo vijana walianza kuchimba kuzunguka miguu ya nguzo kutia mikanda ya Meripa.

Jumatatu iliyofuata nilipanda jukwaani. Mwanamke hakuwahi kupanda kwenye paa la fundi kwetu, na wazee wawili walipita barabarani wakasimama kuangalia. Babu alikuwa chini kwenye mkeka, katikati ya nyumba, ameegemea nguzo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima lakini hayajashuka. Makombamoyo ya upande wa pili yalikuwa thelathini na mawili, na kila moja lilikuwa na mafundo mawili.

"Mwisho wa kamba," nikamwuliza kutoka juu, "naufichia wapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Meripa alikuwa mbali, anapima zege.

"Shuka nikwambie sikioni," alisema.