Jicho la Kisogoni

Mlinzi wa geti la hospitali kuu alikuwa akipiga mswaki uani saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, macho ameyafumba, alipomwona mkewe akianika mashuka. Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Limefumbuka," mkewe akasema, huku anabana shuka la mwisho.

"Lipi?"

"La kisogoni."

Lilikuwa jicho la tatuu. Alichorwa na rafiki yake kwa sindano na wino, akiwa na miaka kumi na tisa, siku ambazo alitaka aonekane mkali. Hakuwa mkali wakati ule na hakuwa mkali sasa. Mkewe alimpunguza nywele ili zisilichome, akanunua na dawa ya matone. Kazini, wafagiaji waliokuwa wakimng'ong'a kila akipita waliacha, wakatafuta mtu mwingine wa kumng'ong'a.

Kiti chake kilikuwa kimeelekezwa barabarani, kwa amri ya mganga mkuu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa uani wa stoo ya dawa. Ijumaa saa saba mchana, watu walipokwenda kula, jicho lilimwona mganga mkuu mwenyewe akiuzuia mlango huo kwa kiatu ili usijifunge, na mtunza stoo akipakia maboksi kwenye pikapu nyeupe. Yalikuwa maboksi ishirini na manne ya dawa ya presha. Mama yake mlinzi alikuwa ameambiwa kwenye dirisha la dawa, wiki tatu mfululizo, kwamba dawa hiyo imeisha. Vidonge vilivyobaki nyumbani alikuwa akivikata nusu, halafu robo, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba.

Mlinzi aliandika kwenye daftari la zamu saa, idadi na rangi ya gari, kwa mwandiko mzuri. Daftari hilo halikuwahi kusomwa na mtu tangu linunuliwe. Safari hii lilisomwa.

Iliketi kamati ya watu saba, ikaletewa chai. Hakuna aliyesema maboksi hayakuondoka. Wala hakuna aliyeuliza tatuu inaonaje, maana wote walikuwa watu wenye shughuli nyingi. Hoja ilikuwa moja tu: mlinzi aliajiriwa akiwa na macho mawili, na hilo la tatu lilikuwa likifanya kazi ndani ya hospitali bila kibali. Lifutwe, au aondoke nalo.

"Sisi na wewe hatuna ugomvi, ndugu yangu," mganga mkuu akamwambia kwa upole. "Tatizo ni hilo jicho."

Nyumbani mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, miguu ameiweka juu ya kigoda.

"Liache," akasema. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Nikifa kwa presha, angalau nife nikijua dawa yangu iko wapi."

Mlinzi akachagua kazi. Alisema anaifikiria familia, kama wasemavyo wote wanaojifikiria wenyewe.

Mashine ya leza, ya kufutia tatuu kwa mwali, ilikuwa zawadi iliyokaa ndani ya nailoni yake miaka miwili kwa sababu ya shida ya umeme. Kwa ajili ya jicho hilo, jenereta ambalo halikuwahi kufika wodi ya wazazi lilisukumwa mpaka kitengo cha ngozi na likawaka mara moja.

"Haitoki siku moja, kaka," alisema dada wa kitengo, mtu pekee katika jengo lile aliyekuwa akisema ukweli bila kuulizwa. "Utakuja mara nane, pengine kumi, na kila mara tunaipumzisha ngozi wiki nane. Ngozi nyeusi ukiiharakisha unaiachia kovu. Utasikia kama unarukiwa na mafuta ya moto. Patakuwa peupe, patavimba, patatoka malengelenge. Usiyapasue, usijikune, usipigwe na jua. Na usitegemee pabaki kama ulivyozaliwa."

"Na kuona, je?"

"Karatasi yangu inazungumzia wino tu."

Akamvika miwani ya kukinga macho. Jicho la kisogoni halikupata miwani, maana ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Lilimtazama mpaka mwali wa kwanza ulipolipiga. "Pole," dada akasema, na hakuwa akisema na mlinzi.

Alimwandikia dawa ya kupaka. Dirishani wakasema imeisha. Jicho lilikuwa limeiona ikiondoka wiki iliyotangulia.

Mara ya kwanza zilikwenda kope. Mara ya tatu jicho lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke. Kwenye daftari mlinzi aliandika "maboksi, idadi haijulikani". Baada ya mara ya tano aliandika "vitu". Baada ya mara ya nane hakuandika chochote. Kisogoni palibaki doa jeupe kama kifungo cha shati, ambalo lilitoa machozi kila siku saa saba mchana. Dada wa kitengo alilifuta kwa pamba, akaandika kwenye faili kwamba matibabu yamekwisha. Kamati ilimletea mlinzi barua ya pongezi yenye mhuri.

Njia ya uani ilikuwa na matope, na sasa hakukuwa na sababu ya kuchafua magurudumu. Pikapu ikaanza kupita geti la mbele.

Siku ya kwanza ilipopita huko, mama yake mlinzi alikuwa akitoka dirishani, mkono mtupu, akitembea kwa kushika ukuta. Maboksi yalikuwa wazi, bila hata turubai. Mganga mkuu alikaa mbele na kioo ameshusha.

"Mwanangu," mama akauliza, "si ndizo hizo?"

Mlinzi aliyatazama maboksi kwa macho yake mawili, akasoma maandishi yote, akainua kizuizi, akapiga saluti.

"Sogea pembeni, mama," akasema. "Gari lisije likakugonga."