Watoto wa Ua la Ildefonsa

Adelfina aliuza miche Kabanga, upande wa juu wa barabara, pale malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Burundi. Alikuwa na miparachichi iliyobebeshwa, miche ya kahawa kwenye viriba vya plastiki, na safu mbili za maua kwa watu waliojenga nyumba zenye veranda. Watu walisema ana mkono wa kuotesha. Naye sifa hizo alizipenda kuliko ilivyofaa.

Mwezi wa pili wa mwaka juzi alifika kwake mzee Nduwayo, mkulima wa Bugarama, amekumbatia kopo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Ndani ya kopo mlikuwa na ua lenye majani membamba marefu yaliyoinama kila upande. Wengine huliita ua la buibui, kwa sababu likikubali hutoa vikonyo virefu, na kwenye ncha ya kila kikonyo huota mtoto akaning'inia hewani.

"Ni la mama Keza," alisema mzee.

Mke wake, Ildefonsa, alikuwa amefariki mwezi wa sita mwaka uliotangulia. Ua hilo alikuja nalo kutoka kambi ya wakimbizi walipohamia Bugarama, likiwa mche mmoja mdogo uliofungwa kwenye kitambaa kibichi. Mzee alikuwa na binti wawili, Keza aliyeolewa Nyakisasa na Clotilda aliyekuwa akiishi Biharamulo. Siku ya misa ya mwaka alitaka kila mmoja aondoke na mtoto wa ua la mama yake.

"Lakini tangu afariki halijazaa hata mmoja," alisema.

"Wakati wake lilikuwa linazaa, baba?"

"Lilikuwa linazaa sana. Sijui alikuwa akilifanyia nini. Sikuwahi kumwuliza."

Wateja wawili walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza, na huenda hao ndio waliomponza Adelfina. Angeweza kusema kwamba ua la aina hiyo hajawahi kulilea, maana ndiyo iliyokuwa kweli. Badala yake alipaza sauti: "Niachie, baba. Miezi mitatu tu. Lisipozaa, uje unifungie bustani!"

Wateja wakacheka. Mzee alicheka nao, akaliacha kopo.

Adelfina alilifanyia lile ua kila alichozifanyia kabichi za shambani kwake. Alilihamishia kwenye ndoo kubwa, akajaza samadi, akatia vijiko vitatu vya mbolea ya kukuzia, akaliweka juani na kulimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza majani yaling'aa. Wiki ya tatu ncha zake ziliungua zikawa kahawia, naye akaongeza maji. Jumapili ya Matawi, alipotoka kanisani, alishika majani ya katikati ili aondoe yaliyokauka, yakamfuata mkononi yote kwa pamoja. Chini yalikuwa laini kama ndizi iliyooza, na yananuka.

Alichopaswa kufanya kilikuwa kidogo. Bugarama si mbali, na bodaboda zilikuwa hapo mbele yake. Angekwenda akasema, baba, ua nimeliua. Aliwaza hivyo, akayaona macho ya wale wateja wawili, akaibeba ndoo na kuimwaga nyuma ya uzio kwenye lundo la taka. Kesho yake alikwenda Ngara mjini kwa mama mmoja aliyekuwa na maua mengi, akapata ua linalofanana na lile, likiwa na vikonyo vitatu vyenye watoto. Akalipanda kwenye lilelile kopo la mafuta. Njiani alijiambia kwamba ua ni ua.

Mwisho wa mwezi wa tano mzee Nduwayo alikuja kulichukua. Alivua kofia. Aliwagusa wale watoto mmoja mmoja kwa kidole, kisha akamshukuru mkewe kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kana kwamba yupo hapo. Adelfina ni Mhangaza, na Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Alisikia kila neno.

"Mungu akubariki, mwanangu," mzee alimwambia.

"Amina, baba," alijibu, akainamia viriba akijifanya kung'oa magugu.

Wiki iliyofuata mzee alimletea kikapu cha maharage na mkungu wa ndizi. Watoto wa Adelfina walikula siku tatu. Yeye alisema tumbo linamsumbua.

Misa ikapita, na kila binti akaondoka na mtoto wa lile ua. Wiki mbili baadaye, asubuhi, alifika mwanamke mrefu aliyevaa kitenge cha kijani, akakataa kiti.

"Mimi ni Keza, binti wa mzee Nduwayo. Dada Adelfina, ua la mama lilikuwa na weupe pembeni mwa jani, na kijani katikati. Hili ulilompa baba lina weupe katikati."

"Labda ni jua, maana jua huwa..."

"Tangu nikiwa mtoto nililifuta vumbi kila Jumamosi. Ilikuwa kazi yangu."

Joto lilimpanda Adelfina kutoka shingoni mpaka masikioni. Yeye ni mtu mzima mwenye watoto wanne, na alisimama pale kama mtoto aliyekutwa jikoni na mkono ndani ya sufuria.

"Lilioza," alisema mwishowe. "Nililiozesha mimi."

"Liko wapi?"

Alimpeleka nyuma ya uzio. Keza alisimama akiwa amefumbata mikono, na Adelfina akapiga magoti akachimbua lundo kwa vidole, katikati ya maganda na viriba vilivyochanika. Alipata mizizi ya lile ua, minene na myeupe kama karanga zilizomenywa. Karibu yote ilikuwa imelainika. Kipande kimoja tu kilikuwa kigumu, na kilikuwa kimetoa majani mawili membamba kama nyasi. Pembeni mwa kila jani palikuwa na uzi mweupe.

Keza alikitazama muda mrefu. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hiki ukipande kwenye kopo dogo," alisema. "Mama hakukubali kulihamisha mpaka mizizi yenyewe ilinyanyue juu. Alikuwa anasema likishiba halizai, linazaa likibanwa. Liweke mahali penye mwanga, lakini jua lisilipige. Maji ni pale udongo unapokauka mpaka kwenye pingili ya kidole. Mbolea usiguse."

"Nitafanya hivyo."

"Na baba sitamwambia mimi. Utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Likishika tu."

Lilishika mwezi wa nane. Adelfina akasema moyoni, ngoja lipate majani matano. Lilipopata majani matano akasema, ngoja mvua zinyeshe. Mvua zikanyesha. Sasa lilikuwa limejaa kopo, na akasema, ngoja lizae, nisiende mikono mitupu. Kila siku ya soko mzee Nduwayo alipita kumsalimia, na kila alipopita alimwonyesha kwa mtu fulani: "Huyu ndiye aliyelizalisha ua la mke wangu." Adelfina alijifunza kuitambua kofia yake kwa mbali. Mara mbili alijificha chooni mpaka apite.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata kikonyo cha kwanza kilichomoza, cha rangi ya njano iliyopauka, kikarefuka kila siku. Kilitoa vimaua vyeupe vidogo sana, halafu watoto watatu. Asubuhi ya kuwaona alifurahi mpaka akapiga kigelegele peke yake. Baadaye alikumbuka kwamba sasa hana tena cha kungoja, na furaha ikakatika.

Bado hakwenda. Zilipita wiki tatu.

Siku moja ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mzee aliingia bustanini na wanawake wanne wa jumuiya yake ya kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa mama zako wana maua kama lile, nayo yamekataa kuzaa. Nimewaambia waje wafundishwe na mwenyewe."

Angeweza kuwaambia waje siku nyingine. Lakini mmoja wa wanawake alikuwa amekwisha kuliona lile kopo dogo kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, na alikuwa analinyanyua. "Hili hapa limezaa! Tazama!"

Adelfina alianza kufundisha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alieleza habari ya kopo dogo, mwanga na kivuli, maji na pingili ya kidole. Sauti yake ilimsikikia kama ya mtu mwingine. Mzee Nduwayo alisogea, akaliinamia ua, akashika jani moja, lenye weupe pembeni, kati ya vidole viwili na kulivuta taratibu mpaka nchani. Akashika la pili.

"Hili ni la nani?" aliuliza.

Lori liliwashwa huko barabarani.

"Ni la mama Keza, baba."

"Na la kwangu nyumbani?"

"Nililipata Ngara mjini. La mama nililiwekea mbolea nyingi na maji mengi, likaoza. Niliona aibu kukwambia." Alijisikiliza, akaona neno hilo halitoshi. "Nilikudanganya. Mpaka leo nimekuwa nikikudanganya."

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakukasirika, na Adelfina angependa akasirike.

"Miezi tisa sasa naliamkia lile kila asubuhi," alisema. "Nimeliambia mambo. Mambo ya nyumbani." Akalitazama lile kopo dogo. "Keza anajua?"

"Anajua. Aliniambia nikwambie mwenyewe, nikawa naahirisha."

Hapo ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Adelfina alielewa kwamba kosa lake alikuwa amelitia mpaka ndani ya nyumba ya watu, binti akakaa mezani na baba yake akiwa na siri isiyo yake. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi mbele ya wale wanawake wanne. Mmoja wao aligeuza uso.

"Simama," alisema mzee. "Leo siwezi kulibeba. Uniletee Jumapili."

Akaondoka na wale wanawake, bila kuaga.

Jumapili Adelfina alikwenda na kopo. Keza alikuwepo, na macho yake yalikuwa mekundu. Baba na binti walikwisha kusemezana. Mzee alilipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka dirishani. Lile jingine alilisogeza pembeni, hakulitupa. "Hili halina kosa," alisema. Kisha akampa Adelfina kisu.

"Kata watoto wawili. Mmoja umpe Keza. Wa pili umpelekee Clotilda Biharamulo, na umweleze kwa kinywa chako kama ulivyonieleza mimi. Simu sitampigia."

Safari hiyo Adelfina aliifanya Jumanne. Alimkuta Clotilda kwenye kibanda chake cha ushonaji, akamweleza akiwa bado amesimama, mtoto wa ua akiwa mkononi ndani ya kiriba. Clotilda alisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umesimama juu ya pedali ya cherehani. Alinyanyuka akafungua pazia la nyuma. Dirishani palikuwa na ua lenye weupe katikati, limenenepa, vikonyo vimekatwakatwa.

"Limezaa saba," alisema. "Wanne wako hapa. Watatu niliwapa rafiki zake mama, wale aliokaa nao kambini. Kila mmoja nilimwambia, huyu ni mjukuu wa Ildefonsa. Mmoja wao alilia."

Adelfina hakuwahi kufikiri kwamba uongo wake nao ungezaa.

"Nitakwenda kuwaambia," alisema.

"Utakwenda. Nami nitakwenda nawe, usije ukapotea njia."

Kwenye nyumba ya kwanza waliambiwa, "Haya, tumesikia," na mlango ukafungwa. Ya pili, mwanamke alimtazama Adelfina kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akamgeukia Clotilda, akazungumza na Clotilda peke yake mpaka walipoondoka.

Ya tatu ilikuwa ya bibi Dafroza, mzee sana, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi mbele ya nyumba yake iliyopakana na barabara, akichambua maharage. Ua lilikuwa karibu naye ndani ya sufuria iliyotoboka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Adelfina alichuchumaa akasema yote. Bibi aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikii, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Alirudia.

"Ua limefanya nini?"

Clotilda alitazama chini. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa na wateja watatu, na wasichana walikuwa wakipita na ndoo za maji. Adelfina alisimama wima, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka koo likamkwaruza.

"Nasema hili ua si la Ildefonsa! La Ildefonsa nililiua mimi! Nikamdanganya mume wake, nikampa jingine!"

Nyundo ya fundi ilinyamaza. Msichana mmoja alitua ndoo yake ili asikie vizuri. Bibi Dafroza alimtazama, kisha akalitazama ua, akaendelea kuchambua maharage kwa muda.

"La kweli liko wapi?"

"Lilichipua tena, bibi! Liko Bugarama! Nimeleta mtoto mmoja tu, ni wa Clotilda!"

"Basi akizaa," alisema bibi, "uniletee mjukuu. Asiniletee Clotilda. Uje wewe mwenyewe."

"Nitakuja."

"Sikusikia."

"Nitakuja, bibi!" alipiga kelele Adelfina, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote wa barabara ile.