Nzuri Sana, Dada

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo nilivyowaza nilipomwona Nasra akishuka kwenye pikipiki mbele ya zahanati yetu, huku milimani Matombo, viatu vimejaa tope. Alikuwa ametengeneza tovuti ya chanjo za watoto, na kabla haijafunguliwa kwa watu wote alitaka akina mama waijaribu. Mimi ni nesi wa hapa kwa miaka mingi, na wataalamu wa mjini nimewaona. Hupiga picha, hunywa soda, huondoka.

Ilikuwa siku ya kliniki. Simu yake ikapita mkono kwa mkono kwenye benchi, na kila mama akamwambia hivyo hivyo: "Nzuri sana, dada." Nikafurahi, maana mawingu yalishashuka na nilitaka amalize aende zake.

"Wananisifu mno, mama," akaninong'oneza.

"Si ndicho ulichofuata?"

"Mimi mgeni. Nani atamwambia mgeni zawadi yake mbaya?"

Hapo nikaanza kumtazama vizuri. Alikwenda kuketi mkekani karibu na Shamimu, aliyekuwa amemsindikiza wifi yake, na mwanawe mwenyewe, Amani, amelala mgongoni. Shamimu na mumewe walihamia huku kutoka kwenye mashamba ya miwa. Nasra akampa simu, akamwomba amtafutie Amani siku ya chanjo ya surua. Kisha akampokea wifi mtoto wake, akawa anambembeleza, jicho liko kwenye kidole cha Shamimu. Kidole kikafika kwenye swali la kwanza, namba ya kadi ya kliniki, kikasimama. Simu ikalazwa kifudifudi juu ya kanga.

"Nzuri sana, dada."

Nasra hakubisha. "Ungekuwa unamwelekeza mdogo wako, ungemwambia nini?"

Shamimu alinitupia jicho kwanza. "Ningemwambia asijisumbue. Kadi ya Amani ilikwenda na mafuriko kule kwenye miwa. Nilipokwenda kliniki ya huko bila kadi, nilifokewa mbele za watu. Sijampeleka tena popote."

Na surua ilishaonekana kijiji cha jirani. Amani hakuwa na kinga hata kidogo, na mama yake alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye boksi langu la chanjo, akiogopa kusema.

Ningekuwa mimi, ningejitetea. Nasra alifungua kompyuta yake palepale mkekani, akalifuta swali alilolihangaikia kwa wiki nzima, na juu kabisa akaandika: *Umepoteza kadi? Njoo tu. Hutafokewa.* Mtoto wa watu, nikampenda.

Kisha akanigeukia. "Mama, hilo neno la mwisho si langu, ni lako. Libaki?"

Benchi zima likanitazama. Huku kila mtu anaujua mdomo wangu, na kwa kweli nilishaufungua niseme kwamba kadi si leso ya kupotezwa hovyo. Nikamwona Shamimu anaikaza kanga iliyombeba mtoto, tayari kuondoka.

"Libaki," nikasema. "Mlete Amani."

Amani alilia kwa hasira, nikamwandikia kadi mpya. Nasra akamrudishia Shamimu simu aone ukurasa ulivyobadilika. Safari hii aliusoma taratibu, kisha akakunja uso.

"Mbona hujaandika kwamba chanjo ni bure? Na maandishi madogo hivi, mama mkwe wangu atayasomaje?"

Sijawahi kuona mtu akifurahia kukosolewa kiasi kile. Nasra alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasogea ubavuni kwake, wakaanza kurekebisha pamoja.

"Na hapo penye kufokewa," Shamimu akasema bila kunitazama, "weka jina la nesi."

Likawekwa. Lipo mpaka leo, na kila siku ya kliniki kuna mama asiye na kadi anayenionyesha simu kabla hata ya kuniamkia.