Pini za Nikunja

Mtaani kwetu Kolkata kila mtu alijua kwamba gari la Nikunja Lahiri ni la mwaka 1936, na asiyejua aliambiwa na Nikunja mwenyewe. Kila mwaka ndilo lililoongoza maandamano ya magari ya kale, mkewe Sulata ameketi kando yake. Lakini usukani ulikuwa hoi: unauzungusha nusu duara ndipo magurudumu yapate habari. Tangu kiangazi fundi Gadadhar alimwambia kwamba pini na bushi za mbele, zinazoshika magurudumu, zimelika, siku moja gari litakwenda linakotaka lenyewe. Nikunja akamjibu kuwa mafundi huona ubovu popote wanapoona pochi.

Wiki ya maandamano gari likakataa kona, likaingia kwa muuza maziwa mgando. Hapo akalileta gereji, shingo upande. Gadadhar akang'oa pini za zamani, akachonga mpya, zikabaki kufungwa tu.

"Kesho asubuhi nalichukua," Nikunja akasema, akaondoka bila kungoja jibu.

Kesho yenyewe ilikuwa sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo spana haishikwi hata gari likiwa la waziri. Vyombo vyote vya kazi huoshwa na kuwekwa miguuni pa mungu. Pini mpya zilikuwa hapo hapo, zimevishwa maua. Na nani aliyepanga maandamano siku hiyo hiyo? Mwenyekiti wa kamati, Nikunja Lahiri, ambaye maishani hajawahi kushika spana, atajuaje inapumzika lini?

Asubuhi Nikunja akafika, akabembeleza, akatishia, akamtaja hata marehemu baba yake.

"Bwana mkubwa," Gadadhar akasema huku akipakua khichuri, wali na dengu vikifuka moshi, "leo hata baiskeli yangu siigusi. Kaa ule."

"Nile nini, na shemeji yangu ndiye atakayeongoza?"

"Basi kula ukimtazama."

Saa nne maandamano yakapita mbele ya gereji. Mbele kabisa Pranotosh, kaka yake Sulata, katika gari lake, na kando yake Sulata mwenyewe, anapunga mkono kama aliyezaliwa ndani ya gari lile. Nikunja akachutama haraka nyuma ya gurudumu la gari lake bovu, akalishikashika kama anayekagua. Mkewe akamwona. Akamwomba kaka yake apunguze mwendo, kisha akaita, kwa sauti ya mtu aliyeomba miaka mingi usukani ule utengenezwe:

"Fundi, huyo kibarua wako mpya mwambie leo sikukuu. Aache gari la watu."